Jembe la Kuanua Matanga

Hapana, hakuja. Elick wa hapa Nyamiaga, yule mhasibu aliyepata kazi Ulaya, sijui nchi gani ile, hata miezi mitatu hajamaliza, baba yake akafariki. Aliahidi kuja kuanua matanga, maana kwao mtoto wa kwanza ndiye hupiga jembe shambani, ndipo watu wale. Mama yake, Deodata, akawazuia watu mpaka jua likawa utosini. Simu ikalia.

“Mama, bosi kasema nikiondoka sasa, kazi basi.”

“Baba ulikuwa naye mmoja tu.”

“Najua, mama.”

Deodata akakata simu, akamkabidhi binti yake Anneth jembe.

“Mama, mimi ni wa pili.”

“Wa kwanza hatuna. Lima.”

Anneth akalima huku analia. Ndugu wakanawa, wakakaa kula ugali uliokwisha kupoa.