Mtu wa Kongosho

Jessica alikuwa ameshindwa mtihani wa kuingia shule ya uuguzi mara mbili, na kama ilivyo kwa watu wengi walioshindwa mara mbili, hakuna aliyemzidi kwa kutoa mashauri ya kufaulu.

"Usisome sawa kasuku, Bilonda," alimwambia rafiki yake. "Kwa kila glande, weka mutu mwenye unajua. Siku ya concours utaona ule mutu mbele yako, na yeye njo atakupatia jibu."

Concours ni mtihani, glande ni tezi, na tezi ndizo zilizokuwa zikimtoa Bilonda jasho. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani. Alikuwa na kurasa thelathini za fotokopi, Kifaransa kitupu, zilizokwisha kupita mikononi mwa watahiniwa wengi hata doa la mafuta ya mawese likafunika nusu ya mchoro wa koo la binadamu. Alizisomea kwenye malewa ya mama yake, Mama Mushiya, kibanda cha turubai kando ya barabara ya Mutoshi ambapo wachimbaji walikula bukari, yaani ugali, na samaki. Wateja walipopungua, saa tisa hivi, aligeuza kreti ya bia, akakaa, akasoma huku malori yakimtimulia vumbi usoni.

Akaanza kuweka watu, kama alivyoshauriwa. Tezi ya shingo akampa shangazi yake Josée, mwenye uvimbe wa koo mkubwa kama papai, anayejifunga kitambaa hata kwenye jua la mwezi wa kumi akidhani watu hawajui. Tezi za juu ya figo, zile zinazomwaga homoni mtu anapopata hofu, akampa mjomba Kazadi. Siku ukuta wa shimo ulipoanza kuporomoka kule kwenye mgodi wa Mashamba, Kazadi alipanda juu mbio na gunia la mawe mgongoni, gunia ambalo siku nyingine hubebwa na watu wawili, na alipofika salama akaanza kutetemeka, akamtukana kila aliyekuwa akimpongeza. Ile tezi ndogo ya chini ya ubongo, inayoziamuru nyingine zote, ilimwendea baba yake, Tata Kalonji. Mzee huyo hakunyanyua hata kijiko nyumbani, lakini akikohoa tu kutoka kitini kwake, mmoja anachota maji na mwingine anatafuta kandambili.

Jessica alicheka hadi akajishika mbavu. "Ile usiandike ku concours! Na pancréas? Ni nani?"

"Hakuna mutu. Bado."

Pancréas ni kongosho. Bilonda aliliruka, akasema atalirudia.

Alilirudia Alhamisi. Kifaransa chake kilikuwa cha kutembea kwa mkongojo, kwa hiyo alisoma akifuata mstari kwa kidole. Kongosho linatoa insulini. Insulini inaingiza sukari ndani ya seli za mwili. Insulini ikikosekana kwa mtoto, mtoto anakunywa maji mengi mno. Anakojoa sana, na hata aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anakula kupita kiasi na bado anakonda. Mkojo wake una sukari. Mwishowe pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, anahema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na asipotibiwa anakufa.

Kidole kilisimama. Hakuhitaji kutafuta mtu wa kumweka hapo. Mtu alikuja mwenyewe, ana miaka saba, gauni limemshuka bega moja kwa sababu limekuwa kubwa kwake kuliko lilivyokuwa mwezi uliopita.

Dodo. Mdogo wake, aliyekufa miaka kumi na miwili iliyopita, na ambaye jina lake halikutajwa tena nyumbani kwa Tata Kalonji. Hakuna picha iliyobaki. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kama aliwahi kuwako. Maana Dodo hakufa kama watoto wengine wanavyokufa, akaliliwa, akazikwa, akakumbukwa. Alikufa akiwa mchawi.

Mwaka ule kampuni aliyofanyia kazi Tata Kalonji ilifunga milango, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani na kofia zao za plastiki. Ndipo Dodo akaanza kunywa maji. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, akanywa hata maji ya kuoshea mchele. Alikula bukari yake, akakwangua sufuria, na mbavu zikazidi kuonekana. Mahali alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuja mstari mzima, na kwa mtu mwingine hawakuja. Majirani walianza kunong'ona. Huyu anakula na nani, hata chakula kisibaki mwilini mwake? Na kwa nini baba yake amepoteza kazi mwaka huu huu?

Wakampeleka kwenye kanisa la maombi la mtaani, lile lililokuwa ndani ya ghala la zamani. Pasta aliuliza kama kuna mtu wa nyumba hiyo aliyeona jambo. Watu wazima wakatazama chini. Aliyesimama ni Bilonda, miaka kumi, soksi nyeupe hadi magoti. Akasema yote aliyoyaona, moja baada ya jingine, kwa sauti safi kama mtoto anayekariri shairi la shule: maji, chakula, kitanda kilicholowa, sisimizi. Akamalizia na kile alichokiona kikubwa kuliko vyote: kwamba kinywa cha Dodo kinanuka ndizi mbivu, na nyumbani hakuna aliyenunua ndizi. Kanisa zima liliguna. Pasta alimshika kichwa akasema Mungu hutumia vinywa vya watoto wadogo. Dodo akafungishwa siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya pili alihema kama mkimbiaji, kisha akanyamaza moja kwa moja.

Sasa Bilonda alikuwa na ule ushahidi mkononi, fotokopi, kwa mpangilio karibu uleule, ila mwandishi wa Kifaransa hakuwa amesahau jina la ugonjwa: kisukari. Alikwenda nyuma ya kibanda, akausoma tena toka mwanzo. Kisha, na hili lilimshangaza mwenyewe, akasikia furaha, furaha chungu inayokwaruza. Dodo hakuwa mchawi! Na kitu kinachoweza kusomwa kwenye karatasi kinaweza kusomewa wengine. Alitaka kitu kimoja tu, akakitaka kuliko hata ile nafasi ya shule: mama yake asimame mbele ya watu aseme kwa mdomo wake kwamba mtoto wake hakuwa mchawi. Jina la Dodo lirudi nyumbani.

Kwa siku mbili alitafsiri ukurasa ule kichwani, neno kwa neno, ili mama yake asipotee njiani. Alijiandaa kwa machozi. Alijiandaa hata kumshika mama yake asianguke.

Jumamosi, wateja walipoondoka, alimkuta akisugua sufuria kwa mchanga. Akachuchumaa karibu naye.

"Mama, kuna kintu ninataka kukusomea. Ni ya Dodo."

Mkono wa Mama Mushiya ulisita, kisha ukaendelea kusugua. Bilonda akasoma. Alisoma maji, akasoma mkojo, akasoma matunda yaliyoiva. Mama yake hakuuliza swali hata moja, na hapo ndipo binti alipaswa kushtuka, lakini alikuwa na haraka ya kufika mwisho.

"Ilikuwa bugonjwa, mama. Hakukuwa mulozi. Ni pancréas yake njo ilikufa."

Mama Mushiya alimwaga maji machafu, akaisuuza sufuria, akaitazama ndani kama bado ina uchafu.

"Infirmier Lucien alisemaka vile vile," akasema.

"Infirmier gani?" Bilonda hakumjua muuguzi yeyote wa jina hilo.

"Wa dispensaire. Juma mbili mbele ya maombi. Alitia kakaratasi mu mukojo, kakageuka rangi. Akasema, mama, mutoto yako iko na sukari."

Lori lilipita, turubai likapigwa na upepo wake. Bilonda alingoja kelele iishe, lakini mama yake ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kupika.

"Alisema sindano kila siku. Haiko juma moja, haiko mwezi. Mpaka siku ya kufa. Na ile dawa inataka frigo. Frigo ya nani, Bilonda? Tulikuwa tunauzisha hata bitanda. Na ile dawa yenyewe hapa haikukuwa, ilikuwa ya kutafuta mpaka Lubumbashi."

"Sasa juu ya nini mulimupeleka kwa pasteur?"

"Juu pasteur hakuomba frigo."

Ni jibu ambalo ungetamani mtu alitoe akilia. Mama Mushiya hakulia. Alikuwa na hasira, hasira ya mtu aliyegongewa mlango anaouegemea kwa miaka kumi na miwili ili usifunguke.

"Tata alijua?"

"Njo yeye alinibeba mpaka kwa Lucien na kinga, ile baiskeli yake ya zamani. Alijua."

Bilonda aliona soksi nyeupe. Aliona kanisa zima likigeuza nyuso kumtazama, na wazazi wake wawili wakitazama chini. Tangu utotoni alidhani walitazama chini kwa aibu ya kuwa na mtoto mchawi.

"Mama, mi nilikuwa na miaka kumi. Mulinitia pale mbele niseme."

"Hakuna mwenye alikutia. Ulisimama peke yako. Siye tulinyamaza tu." Kisha, polepole zaidi: "Ulisema muzuri. Batu bote balisikia. Na mi nikafikiri, basi, Mungu ametufungulia njia."

Bilonda alitaka kumpiga. Tuseme ukweli, mkono ulimnyanyuka, akaushusha, akashika ukingo wa kreti. Hakuwa na adabu iliyobaki, alikuwa na lile ombi tu, akalitoa hivyohivyo, limekwisha kuharibika.

"Basi sema sasa. Siku ya Mungu, mu kanisa, simama useme Dodo hakukuwa mulozi. Ni ile tu. Sitaki kingine."

Kwa mara ya kwanza mama yake alimtazama usoni.

"Nikisema hakukuwa mulozi, bataniuliza: sasa ni nani alimuua? Nitajibu nini? Mi? Tata yako? Ao nitasema ni weye, mwenye ulisimama?" Akafuta mikono kwenye kitenge. "Mulozi, batu banasahau. Mutoto mwenye baliachaka akufe na kiu, batu habasahau. Mwachie Dodo ile jina. Yeye haimuumize tena."

Wachimbaji watatu walikuwa wanavuka barabara, weupe kwa vumbi, wakiuliza kwa mbali kama samaki wamebaki. Mama Mushiya akawaitikia kwa kicheko chake cha kila siku, karibuni ba tata, kaeni, akamsukumia binti yake sahani za kufuta. Bilonda akazifuta.

Mtihani ulikuja. Swali la kongosho lilikuwako, nalo lilikuwa na alama nyingi. Bilonda alijaza kurasa mbili bila kuinua kalamu, na orodha ilipobandikwa alikuwa wa nne. Jessica, ambaye hakuwamo hata safari hii, alipiga vigelegele barabarani, akawaambia wote kwamba mbinu ni yake.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na sadaka ya shukrani kwa kufaulu kwa Bilonda. Kanisa sasa lina viti vya plastiki na vipaza sauti, lakini pasta ni yuleyule, amenenepa tu. Mama Mushiya alisimama mbele na kitambaa kipya cha kichwa, akamshukuru Mungu ambaye hajawahi kuiacha nyumba yake hata siku moja. Alishukuru kwa muda mrefu na kwa ufasaha. Kisha pasta akampa binti kipaza sauti, aongeze neno.

Bilonda alikuwa amelala nalo siku nyingi, neno hilo. Lilikuwa fupi, la sentensi moja: Dodo hakuwa mchawi. Alipanua kinywa, akamwona baba yake akitazama chini, na mama yake akimtazama yeye. Macho ya mama hayakuwa na tishio. Yalikuwa na hofu tu, hofu ya mama mzee anayengoja kuvuliwa nguo mbele ya watu, na nyuma yake safu kwa safu wamekaa walewale walioguna siku ile, wengine wakiwa na wajukuu mapajani. Wangeuliza ni nani alimuua. Nao waliona kwa macho yao aliyesimama.

Alijichukia tangu neno la kwanza. Akasema asanteni kwa maombi yenu, akarudisha kipaza sauti, akakaa.