Ulingo wa Sebuleni

Sebule ya binti yangu ilikuwa na makochi, meza ya kioo na zulia la kawaida, mpaka alipoanza kazi ya kupamba nyumba za watu. Hapo ikabidi nyumba yake mwenyewe iwe mfano wa kuwaonyesha wateja. Korido akaigeuza behewa la treni la zamani, na taa ndogo za shaba kila upande. Jikoni pakawa mgahawa wa enzi za ujana wangu, balbu zenye nyuzi zinazoonekana zikining'inia juu ya meza, mwanga wake rangi ya chai, hata nikitaka kuchambua maharage ilinibidi nitoke uani. Nikienda chooni nilihisi natakiwa kukata tiketi. Nilimwambia hivyo, maana mdomo wangu hauna kufuli. Akanijibu kwamba siku hizi watu wanalipia kumbukumbu. Nikamwambia mimi zangu ninazo bure, na nyingine ningemlipa mtu aniondolee.

Lakini sebule ndiyo aliyoihangaikia kuliko vyote, kwa sababu aliitengeneza kwa ajili ya mumewe.

Mkwe wangu alikuwa bondia. Walimwita Simenti, kwa kuwa kidevu chake hakikuwahi kupasuka. Kilichoharibika ni macho. La kulia lilikufa kabla hajaacha ngumi. La kushoto, daktari alisema, lilikuwa linashikiliwa na uzi: ngumi moja tu ya maana na mtu huyu angekuwa kipofu. Aliyasema hayo mbele yetu sote, mke, mume na mimi, wala hakuyatafuna maneno. Simenti akaacha ngumi, akakaa nyumbani kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nilimpenda kijana yule, na sioni aibu kulisema hilo. Binti yangu wa kumzaa hakuwahi kuniuliza kama nimelala vizuri. Yeye aliuliza kila asubuhi.

Basi binti yangu akamjengea ukumbi wa ngumi wa zamani. Jukwaa la mbao lililotandikwa zulia, nguzo nne, kamba zilizozungushiwa vitambaa vyekundu na vyeupe, viti vya mahameli vilivyotoka kwenye sinema iliyobomolewa, mapazia mazito ili ndani pawe usiku hata jua likiwa utosini. Ukutani taa za neoni ziliandika NGUMI LEO kwa rangi nyekundu, zikivuma kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Juu ya ulingo akatundika taa moja yenye kofia pana ya bati, akaishusha mpaka mwanga ukamwagika katikati tu, na walioketi pembeni wasionekane sura. Naamini ubaya wote ulianzia hapo. Mtu asiyeonekana sura haoni haya.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili mchana. Walialikwa wateja, akiwemo mwenye hoteli mmoja ambaye binti yangu alikuwa akimwinda mwaka mzima ampe kazi. Alialikwa pia Dobi, bondia aliyepambana na Simenti mara nyingi enzi zao. Sasa Dobi ana duka la kufulia nguo, ana kitambi na miwani ya kusomea. Mpango ulikuwa wapande ulingoni, wavae glavu, wapigwe picha, washuke wakale. Nilimuuliza binti yangu kama kweli ni picha tu.

"Mama, ni mapambo," akasema.

Hata glavu zilikuwa mapambo. Alizinunua kwa muuza vitu vya kale, ngozi imekakamaa, sufi ya ndani imegandamana ikawa ngumu kama kwato. Hakuna aliyezibonyeza kabla hazijavaliwa.

Wakapanda. Wakakumbatiana, wakatunishiana vifua, watu wakacheka. Kisha sauti ya mwenye hoteli ikatoka gizani, ikauliza kama tumeitwa kuja kuangalia sanamu. Kicheko kikalipuka, na mtu mwingine akaanza kupiga miguu sakafuni. Nikamwona mkwe wangu akinyoosha mgongo. Tangu aache ngumi sikuwahi kuuona mgongo ule umenyooka.

Ngumi ya kwanza ilimpata Dobi mdomoni. Dobi akacheka, damu kwenye meno, akamwambia taratibu, kaka. Ya pili ilimvunja pua. Nilisikia kabisa mlio wake, kama kijiti kikavu kinavyokatika. Damu ikaruka ikatua kwenye kamba nyeupe, na ukumbi mzima ukasimama. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walishasema, na mimi nikauona usaha wenyewe ukitoka.

Dobi naye ni mtu. Hasira ikampanda, akainamisha kichwa akaingia. Akampiga Simenti mbavuni mpaka akajikunja, akampandisha kwa ngumi ya kidevu, akamrudia mbavuni. Simenti akamgonga sikio, likachanika. Dobi akatapika pembeni ya nguzo, akajifuta kwa mkono, akarudi. Hawakuwa wakipigana kama mabondia tena, walikuwa wakichanana. Wageni walikuwa wakipiga kelele, wanawake kwa wanaume, watu waliofika na keki na salamu nzuri. Mwenye hoteli aligonga mgongo wa kiti cha mbele kwa ngumi zake mwenyewe akisema, "Mmalize! Mmalize!" wala hakusema nani amalizwe.

Nikamkimbilia binti yangu. Alikuwa amesimama chini ya taa za neoni, simu mkononi, anarekodi. Nikamwambia awasimamishe, jicho la mumewe linakwenda.

"Subiri kidogo, Mama," akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye simu. Nikaupiga ule mkono. Akaunyanyua tena palepale ulipokuwa. Nilimzaa mimi, na saa ile nilimchukia kwa roho yangu yote.

Nilipogeuka, Dobi alikuwa amerusha ngumi ya pembeni. Ilitua juu ya jicho la kushoto la Simenti kwa glavu ile ngumu, na ngozi ikafunguka mpaka mfupa.

Simenti hakuanguka. Alisimama akiinua uso kuelekea taa ya bati, akiugeuza huku na huku. Kisha akanyanyua mikono akaipiga nguzo. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe. Akaipiga tena kwa nguvu zake zote, mbao ikapasuka. Dobi akashusha mikono. Akasema basi, jamani, huyu haoni, basi. Nani angemsikia? Simenti alikuwa akifuata sauti, akirusha ngumi kila palipo na mlio, akikanyaga damu na kuteleza na kuinuka.

Nikapiga moyo konde, nikainama nikapita chini ya kamba na gauni langu la wageni. Nilitaka nimshike kiwiko tu, ajue ni mimi. Alisikia nyayo zangu, akageuka.

Sikuiona ngumi. Niliona weupe, kisha nikajikuta chini, shavu langu kwenye zulia, na meno yangu mbele ya pua yangu yakiwa yametengana nami kabisa. Mdomo ulijaa damu ya moto. Kelele zikakatika.

"Nimempiga nani?" Simenti akauliza.

Neoni zilivuma.

"Nauliza nimempiga nani. Washeni taa."

Taa zote zilikuwa zinawaka.

Nikasikia simu ya binti yangu ikianguka sakafuni, na yeye akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Simenti alikuwa ameanza kupiga magoti, akipapasa zulia kunitafuta. Dobi akaniangalia. Nikamtikisia kichwa, kiganja kimeziba mdomo, nikajivuta nyuma asinifikie. Dobi ndiye mtu mwenye akili kuliko wote waliokuwa mle ndani. Akalala chini kwa tumbo lake, mahali nilipokuwa, akaushika ule mkono uliokuwa ukipapasa.

"Ni mimi, kaka. Umeniangusha. Umeshinda."

Simenti akatabasamu na uso wake wote uliopasuka. Wageni wakatoka mmoja mmoja kupitia behewa la treni, bila kuaga.

Ulingo tumeubomoa na mapazia tumeyaondoa. Jua linaingia sebuleni kutwa nzima, na mkwe wangu huligeuzia uso apate joto lake. Binti yangu humlisha kwa mkono wake, na mimi na yeye tunazungumza yale ya lazima tu. Juzi Simenti aliniuliza mbona siku hizi naongea kama mtu mwenye kitu mdomoni. Nikasema ni uzee. Akacheka, akaanza kunisimulia tena pambano lile, kama kawaida yake, ngumi kwa ngumi, mpaka ile ya mwisho.

"Kitu kimoja tu sikielewi, Mama," akasema. "Dobi ana mwili. Mbona alianguka mwepesi vile?"

Nikamwambia uzee humla mtu kutoka ndani, na nikamwongezea chai.