Unga wa Shangazi Nyamburi

Mwalimu Florian alipiga pasi kaptula yake, akafunga tai, akapanda lori la pamba la kwenda Musoma. Yeye alikaa mbele na dereva. Shangazi yake, Nyamburi, alikaa nyuma juu ya marobota.

Ilikuwa mwaka 1951. Kila mwaka bomani zilitolewa zawadi tatu za uandishi: ya habari za magazetini, ya hadithi na ya mchezo wa kuigiza. Florian alishinda ya hadithi. Hadithi yenyewe ilikuwa ya Nyamburi. Alimsimulia kwa siku tatu huku akisaga ulezi, naye Florian akaandika neno kwa neno, na mwishoni akatia jina lake mwenyewe.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alimtaka asome mbele ya wageni. Florian alipofungua kinywa, unga wa ulezi ulianza kumtoka, ukamwagikia tai. Abdulkadiri, tarishi wa boma, alikuwa tayari na ungo.

"Soma tu, Mwalimu," alisema akiukinga. "Mwaka jana yule wa mchezo wa kuigiza alikuwaga anatoa dagaa. Ukumbi ulinuka wiki nzima."

Florian akasoma. Penye huzuni unga ulitoka na chenga, kwa sababu hapo Nyamburi alikuwa amelia na mkono ukalegea.

"Hadithi nzuri," alisema Bwana Shauri. "Umeitoa wapi?"

Nyamburi alikuwa amesimama mlangoni. Florian alitazama viatu vyake.

"Kichwani mwangu, Bwana."

Unga ukamtoka kama konzi mbili hivi. Watu wakapiga makofi. Aliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakamwaka moto. Lakini kikombe cha zawadi, kilichochongwa jina lake, alikipokea kwa mikono miwili.

Nje, Nyamburi alitandaza khanga, Abdulkadiri akamimina ungo wote.

"Ni wangu huu," alisema Nyamburi, akiusugua kwa vidole. "Jiwe langu nalijua."

"Shangazi, mwaka kesho nitakutaja."

"Sawa, mwanangu."

Jioni alisonga ugali wa unga ule, akamtengea Florian kwanza. Florian alikula ameinama, akamaliza.

Mwaka uliofuata fomu zilikuja. Florian alijaza yake nyumbani kwa shangazi, taratibu, kwa mwandiko wake mzuri. Nyamburi hakujua kusoma, ila jina la mpwa wake alikuwa amekwisha kulizoea kwenye kile kikombe. Aliliangalia kidogo kwenye fomu; lilikuwa peke yake. Kisha akachukua gunia la unga, sindano na uzi, akaanza kuziba matundu.