Mwenyekiti wa Lübeck

Muhsina, mwalimu wa historia katika skuli moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, aliitwa na kaka yake Yaqdhan dukani kwake, mtaa wa Ghubra, baada ya sala ya Alasiri. Yaqdhan na majirani zake wawili walitaka kuungana kuleta mizigo yao kutoka bandari ya Sohar. Kila mmoja akienda peke yake, wenye malori walimweka mwisho.

"Waeleze habari za wale wafanyabiashara wako wa Ulaya," Yaqdhan alimwambia.

Muhsina akaanza. Zama za kati, njia za kaskazini zilijaa wanyang'anyi, basi wafanyabiashara wa Kijerumani wakawa wanasafiri pamoja, na baadaye miji yao ikaungana. Mji wa Lübeck ulikuwa karibu na machimbo ya chumvi. Ng'ambo ya bahari samaki walikuwa tele, na bila chumvi wangeoza.

"Mwenyekiti alikuwa nani?" akauliza Zahor, muuza viungo.

"Hakuwepo."

"Haiwezekani."

"Bwana Zahor, hawakuwa na mwenyekiti wala jeshi la kudumu. Likitokea jambo, miji ilikutana Lübeck, na mingi haikuja."

"Sisi tutakuwa naye," alisema Yaqdhan. "Mimi nna uzoefu."

"Duka langu ndilo kongwe," Zahor akajibu.

Wakaanza kuvutana. Kila Muhsina alipotaka kuendelea, wenzake walikuwa kwenye jina la umoja, au muhuri, au nani atatia saini. Mwishowe akachukua mkoba wake.

"Mmenitoa kwangu nije kuwatazama mkigombea kiti ambacho hata hakijanunuliwa. Nimechoka."

Bi Kheiria, muuza vitambaa, akamzuia. "Mwanangu, walianza na miji mingapi?"

"Miwili. Lübeck na Hamburg ziliahidiana kulinda njia iliyo baina yao, bibi. Mingine iliingia baadaye, ilipoona faida."

Bi Kheiria akamgeukia Zahor. "Mizigo yetu imeshafika Sohar. Tuchukue lori moja."

"Vitambaa vyako vitanuka bizari."

"Vinuke."

Lori lao lilifika Alhamisi. Mzigo wa Yaqdhan ulibaki bandarini, maana yeye alikuwa akingoja uchaguzi wa mwenyekiti.

Kesho yake akampigia simu dada yake. "Hao watu wa Lübeck, aliyechelewa walimpokea?"

"Walimpokea."

"Kama mwanachama wa kawaida tu?"

Muhsina akaiweka simu mezani, akaenda kuinjika maji ya chai, na kumwacha aendelee kusema peke yake.