Unaua Chai!

Orwa alipomaliza kueleza utafiti wao, ukumbi wa mkutano mjini Kisii ulikuwa umetulia kama maji mtungini. Wahadhiri walikuwa wameshiba, wanasinzia. Mmoja akauliza, ilimradi tu aulize: "Mlitumia mbinu gani kuwafanya wanafunzi wenye haya wazungumze?"

Mokeira, mwenzake Orwa katika utafiti huo na katika mazoezi ya kufundisha kule Gesima, akampa Orwa tawi la mchai walilokuja nalo. Orwa, mtoto wa ziwani asiyejua chai ila ya kikombeni, akayakwanyua majani yote kwa mkupuo mmoja, kama alivyofanya siku moja katika shamba la chai la shule ya Gesima.

"Unaua chai!" ukumbi ukalipuka, maana wengi wao walikulia kwenye mashamba ya chai. "Huchumwa majani mawili na chipukizi tu!"

"Ndivyo alivyonifokea Kemunto," akasema Orwa, "msichana ambaye muhula mzima hakuwa amefungua kinywa darasani. Tangu hapo kila asubuhi tuliwaacha watoto watufundishe wanachokijua, na hawakunyamaza tena."

Wahadhiri wakacheka, mikono ya maswali ikainuka kila upande. Orwa akawatazama.

"Asante, Kemunto," akasema, kana kwamba msichana yule yuko mbele yake. "Leo umewaamsha hadi maprofesa."