Msomi Anaamia Ndege

Mwaka wa hamsini na saba nilikuwa Ifakara, kazi yangu kubeba ndoo ya chokaa. Serikali ilitaka barabara pana ya kufika sokoni, na kutoka Makerere wakaletwa vijana watatu wakati wa likizo ndefu, wajifunze kazi. Wawili walipelekwa Mahenge na Malinyi. Wa kwetu aliitwa Severini, Mhaya wa Bukoba, mrefu, mpole, viatu kavibeba mkononi kwa ajili ya tope. Mwisho wa likizo Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, angemwandikia barua ya kusema kazi kaiweza au hakuiweza. Kwa barua ile angepata cheo serikalini akimaliza chuo.

Aliambiwa aandike nyumba zote zilizo njiani. Yenye watu, barabara itaikwepa. Iliyohamwa, itabomolewa. Katika mtaa mmoja tulipiga hodi nyumba saba, hakuna aliyeitika. Majivu ya jikoni baridi, mlango umefungwa kwa kamba. Severini akaandika, mimi nikachora msalaba wa chokaa mlangoni. Tulikuwa wageni wote wawili. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mkonge wa Kilosa wiki mbili tu. Hatukujua kwamba mwezi wa tano nusu ya Ifakara iko bondeni, imepanda kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo katikati ya mpunga, inaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga.

Jumamosi mama mmoja akaja ofisini, kikapu kichwani, tope mpaka magotini. Alikuwa Eufrasia, mjane. Alikuja mjini kununua chumvi.

"Shikamoo, mama," Severini akasema.

"Marahaba. Nani kanichorea msalaba mlangoni? Nimekufa lini? Mbona sikualikwa matangani?"

Nikacheka. Severini hakucheka. Akamweleza. Yule mama akakaa chini palepale sakafuni.

"Raimundi wangu yuko Tanga, mwaka wa tatu huu," akasema. "Anaijua nyumba ile tu. Akirudi akakuta barabara, atanitafuta wapi?"

"Mama, kwetu tunakula ndizi," Severini akasema taratibu. "Mgomba uko mlangoni. Mtu hahami kwa ajili ya chakula. Nilipokuta hakuna moto, nikajua hakuna mtu."

"Basi kwenu ndege wana adabu."

Severini akaenda kwa Bwana Shauri, akasema mwenyewe kwamba amekosea. Alirudi masikio yamemwiva. Mzungu angekuja Jumatatu asubuhi kukagua. Nyumba atakayoikuta na mwenyewe na moto jikoni itabaki. Nyingine zote zinavunjwa.

Tukatuma habari bondeni. Wenye nyumba sita walikuwa na watoto au shemeji wa kuwaachia shamba. Eufrasia hakuwa na mtu; jirani aliyemwangalizia shamba aende kununua chumvi alikubali mpaka Jumapili tu. Kwa mtumbwi ni nusu siku kwenda, nusu siku kurudi, na kweleakwelea, wale ndege wala mpunga, wakikuta dungu tupu siku moja tu, mtu anavuna majani.

"Nitakwenda mimi," nikamwambia Severini. "Wewe Jumatatu unatakiwa hapa. Barua yako je?"

"Wewe ulishika ndoo tu. Kalamu niliishika mimi."

Basi Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Eufrasia akampeleka. Jioni akarudi peke yake, mikono imechubuka kwa kasia.

"Yukoje?" nikamwuliza.

"Kombeo hajui. Dongo la kwanza limenipiga mimi. Lakini sauti anayo."

Jumatatu Bwana Shauri akapita mlango kwa mlango. Kwa Eufrasia aliinama akaingia hadi jikoni, moshi ukamtoa machozi.

"Yule msomi yuko wapi?" akaniuliza.

"Anaamia ndege, bwana. Shambani kwa mama huyu."

Akanitazama kama anayemtazama mlevi. "Kweli, mama?"

"Kweli, bwana. Amekaa mahali pangu ili mimi nikae hapa."

"Futa hiyo chokaa," akaniambia, akionyesha mlango. Alipofika nje akaongeza, "Lakini kazini hakuwepo. Nitaandika hivyo."

Kesho yake nilifuatana na Eufrasia. Tukiwa bado majini tulimsikia akiwafukuza ndege, swaa, swaa, kama jogoo mwenye mafua. Tulipofika alishuka dunguni, midomo imepasuka, macho mekundu. Akafungua kinywa aulize, sauti haikutoka. Upande wa mtoni mpunga ulikuwa umeliwa kidogo. Mwingine wote ulikuwa umesimama.

Eufrasia akawasha moto, akapika uji, akampa, akamngoja mpaka amalize. Ndipo akamshika mkono.

"Nyumba ipo, mwanangu."

Nami ikanibidi nimwambie habari ya barua. Alisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaangalia ndani ya bakuli kama kuna uji umebaki. Eufrasia akamwongezea. Hakumaliza. Alilala palepale juu ya mkeka chini ya dungu, bakuli mkononi.

Wingu la ndege likatokea upande wa Mofu. Nikavuta pumzi nipige kelele, Eufrasia akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Utamwamsha."

Akachukua kombeo, akapanda dunguni. Mpaka jua likaegemea milima ya Udzungwa aliamia ndege kimya kimya, anarusha dongo, anapunga kanga, mimi huku chini nakimbia matutani nikipunga shati, na hakuna kati yetu aliyethubutu kusema swaa.