Mzigo wa Tatu wa Karatasi Nyeusi

"Polepole, Dada Pan! Ukiichana hiyo, treni utaisikia kwa wenzako," alisema Jinlan, mwenzake wa zamu, akicheka kichovu.

Pan Suyun aliilegeza karatasi kidogo. Ilikuwa siku yake ya tisa mfululizo kwenye roli, yale magurudumu ya chuma ya kukandamizia, na miguu ilikuwa haimsikii tena. Karatasi ya grafini, kaboni iliyookwa tanuruni, ilitoka nyeusi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ingefunika mashine za kupimia moyo, mawimbi ya simu na redio yasizivuruge. Mizigo miwili ilishakataliwa. Huu wa tatu ukipita, wote wanaondoka saa tisa kwenda makwao kufagia makaburi ya wazee wao, desturi ya Wachina ya kila mwaka. Ukikataliwa, haondoki mtu. Miaka mitatu Suyun hajalifikia kaburi la baba yake, na mama yake ameanza kusahau watu. Mwaka huu bado anamjua. Mwakani je?

Msimamizi wa zamu, Fundi Geng, alikuja na begi begani. "Weka sahihi tuondoke. Maabara imepima kipande cha ukingoni, kimepita."

"Tanuruni mmeutoa saa ngapi, Fundi?"

Geng alijikuna shingo. "Alfajiri."

"Si ulikuwa uive mpaka saa nne?"

"Dada, kwani wewe huna kwenu?"

Lo, neno lile lilimchoma! Geng na Jinlan wakaenda kunawa, wakamwacha na kalamu na hati ya mzigo.

Watu wa roli wana kipimo chao. Unakata kipande cha katikati, unaifunga simu ndani yake, unakunja kingo mara tatu, kisha unaomba mtu aipigie. Ikinyamaza, mzigo ni mzima. Suyun alikata, akafunga, akakunja. Kabla hajamwita mtu, simu ikaita humo humo ndani, sauti wazi kabisa.

Aliichukia simu ile. Hakukuwa na mtu karibu, na roli zilikuwa zimezimwa. Angeiacha ikate yenyewe, aweke sahihi, na jioni angekuwa anavua viatu mlangoni kwao. Alishika kalamu. Simu ikaendelea kuita. Akaikunjua ile karatasi.

"Suyun? Umeshapanda treni?" Alikuwa mama yake. "Nimekupikia vikate vya kijani, vile vyako vya mchele."

"Mama, bado niko kazini." "Siji. Mzigo umeharibika."

"Nani kauharibu?"

"Sisi wenyewe, mama. Tulikuwa na haraka ya kuja nyumbani."

Sufuria iligongwa kule, maji yakamwagika, kisha sauti ikarudi, ya upole, kama ya mtu anayeongea na jirani.

"Haya mama, pole na kazi. Sasa ukimwona Suyun wangu huko, mwambie asichelewe."

Suyun aliuangalia mlango. Geng na Jinlan walikuwa wanarudi, wameshabadili nguo.

"Nitamwambia," alisema, na kwa mkono wa pili akaanza kuufunga mzigo utepe mwekundu wa mizigo iliyokataliwa, urudi tanuruni.